Kibao Kwenye Rafu

Mimi ni mtu wa haraka, na hilo si jambo jema kwa mkutubi. Kazi yetu inataka mtu anayeweza kutumia dakika kumi akitafuta kijitabu chembamba kilichobanwa kati ya viwili vinene, bila kuguna. Mimi naguna. Wasomaji wangu wa Jinja wamekwisha kunizoea. Kuna mzee mmoja Singasinga anayekuja kila asubuhi kusoma gazeti akiwa amesimama, kwa sababu anasema viti vyetu vinamtia usingizi. Akinisikia nikiguna huniuliza ni mara ya ngapi leo, nami humjibu kwamba bado ni asubuhi, asianze kuhesabu.

Kwa hiyo mkuu wetu, anayesimamia maktaba kadhaa za upande huu wa mashariki, alipotuomba tujaribu njia za mtandaoni za kushirikiana kazi, nilifurahi kama mtu aliyepewa likizo. Mpaka siku hizo, maktaba yetu ya Jinja na ile ya Mbale ziliunganishwa na mfuko mmoja wa turubai. Ijumaa asubuhi konda wa basi aliupeleka, Ijumaa jioni mwenzake aliurudisha, na ndani yake mlikuwa na vitabu tulivyoazimana pamoja na orodha yenye sahihi. Mfuko ule haukuwahi kupotea hata siku moja, ila mimi niliuona kuwa wa polepole.

Tulijaribu kila kitu. Tulijaribu kalenda ya pamoja, ikajaa siku za kuzaliwa za watoto wetu. Tulijaribu mkutano wa video, na ule wa kwanza nitaukumbuka daima: wakutubi saba kwenye kioo kimoja, kila mmoja amezima sauti yake kwa adabu asije akawasumbua wengine, wote tunatabasamu na kutikisa vichwa, hakuna anayesikika. Tulikaa hivyo robo saa nzima kabla mkuu hajatupigia simu mmoja mmoja kutuambia kwamba hapa ni ruhusa kuongea. Tukafungua pia kundi la ujumbe kwenye simu, na hilo likashika, kwa sababu kuandika ni aina ya kunong'ona.

Lakini kilichonipendeza kuliko vyote ni folda ya pamoja, ambayo mimi mwenyewe niliibatiza Kabati. Nilikuwa na wazo langu. Maktaba yetu ina sanduku la vijitabu vya zamani vilivyopigwa taipu na watu wa huku huku: namna ya kukagua magonjwa ya kahawa, majina ya koo za Busoga, nyimbo za kanisa alizokusanya mwalimu mmoja wa Buwenge, kumbukumbu za vikao vya timu ya mpira iliyokwisha kufa. Karatasi zake zilikuwa zimeanza kuvunjika pembeni kama biskuti. Nikazipiga picha ukurasa kwa ukurasa, miezi kadhaa, umeme ukikatika nikisogea dirishani, nikaziweka Kabatini ili mkutubi wa mji wowote aweze kuzifungua.

Wa kwanza niliyemfundisha kulitumia Kabati alikuwa mkutubi wa Mbale, mwanamke ambaye ndiye aliyenifundisha mimi kazi.

Inabidi nimweleze. Nilipelekwa Mbale kwa mafunzo nikiwa kijana, nikapanga chumba Nabuyonga, nyumba tatu kutoka kwake, na kwa mwaka mzima nilikula kwake kuliko nilivyokula kwangu. Baba yake alikuwa polisi, naye alikulia kwenye kambi za polisi, mahali ambapo watu wa kaskazini na watu wa milimani waliongea Kiswahili kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania maji bombani. Mimi Kiswahili nilikipata kwa mama, aliyefanya kazi miaka mingi katika duka la familia moja ya Kihindi ya Kiislamu hapa Jinja. Mimi Msoga, yeye Mmasaba, tukakutana hapo katikati. Watu wa rika lake wakimsikia akiongea Kiswahili sokoni hugeuka kumtazama, kwa sababu wengi wao bado wanakisikia kama lugha ya wanajeshi waliowatesa watu enzi za utawala wa kijeshi. Yeye hajali. Mimi nilimwita Afande kwa utani, kwa jinsi alivyokagua rafu zangu akiwa amefunga mikono nyuma, na akikasirika nilimwita Mama. Yeye aliniita mwanangu siku zote, hata alipokuwa ananigombeza.

Jambo la kwanza kabisa alilonifundisha lilikuwa kibao. Ukitoa kitabu kwenye rafu ili kukiazimisha, huachi pengo. Unaweka mahali pake kipande cha ubao chembamba chenye karatasi iliyobandikwa: kitabu gani, kiko kwa nani, kitarudi lini. Maktaba nyingi ziliacha desturi hiyo zamani. Yeye hakuiacha, na chini ya kila karatasi aliongeza maneno yake mwenyewe kwa penseli: Usihangaike. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mtu anayefika kwenye rafu akakuta pengo huanza kufikiria wizi, na akishafikiria wizi atamtazama vibaya kila aliyekaa mle ndani. Kibao kinamtuliza.

Basi nilikwenda Mbale na simu yangu na kompyuta ya kazini, nikamfundisha Kabati kwa siku mbili. Alishika haraka kuliko nilivyotarajia. Aliniuliza swali moja tu lililonibakia akilini.

“Mwanangu, na kitu ikitoka humo, mwenzako atajua namna gani?”

Nikamwambia vitu vya humo havitoki. Watu kumi wanaweza kusoma kijitabu kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali alipo. Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba sufuria moja ya wali inaweza kulisha mtaa na kubaki imejaa, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi Jinja, sikutaka kujua ameandika nini.

Wiki tatu baadaye mkuu alitangaza kwamba maofisa wa wilaya wangekuja Ijumaa kuliona Kabati letu, na kwamba mimi ndiye nitakayewaonyesha. Sitaficha, nilivimba kichwa. Jumatatu ya wiki hiyo nilikaa kulisafisha, maana wenzangu walikuwa wameshaacha mle kila aina ya takataka: picha za harusi, ratiba ya kwaya, risala ya mahafali. Nikakuta pia vijifaili kadhaa vidogo visivyokuwa na jina la maana, vimetawanyika huku na huku. Sikufungua hata kimoja. Nikavichagua vyote kwa mkupuo, nikavifuta, nikasimama kunyoosha mgongo na kumwambia mzee Singasinga kwamba leo sijaguna.

Alhamisi mchana, nikipitia maonyesho yangu kwa mara ya mwisho, nikagundua kwamba vijitabu kumi na kimoja havimo. Cha kahawa hakipo. Cha koo hakipo. Zile nyimbo za Buwenge, zilizonichukua juma zima kuzipiga picha, hazipo. Nilibonyeza huku na kule jasho likinitoka mpaka nikafika kwenye ukurasa unaoonyesha nani kafanya nini, na pale palikuwa na jina lake. Mbale imeondoa, Mbale imeondoa, mara kumi na moja.

Ningeweza kumpigia simu. Namba yake naijua kwa moyo kuliko ya mke wangu. Badala yake nilifungua lile kundi la ujumbe, lenye wakutubi wote na mkuu wetu, nikaandika: “Wenzangu, mtu asiyejua kutumia Kabati asiliguse. Kazi yangu ya miezi imefutwa na Mbale siku moja kabla ya wageni. Naomba tuheshimu kazi za watu.” Nikaituma bila kuisoma mara ya pili.

Baada ya dakika chache ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu unaosema kwamba fulani ameondoka kwenye kundi. Alikuwa yeye.

Asubuhi yake nilipofungua Kabati, vijitabu vyote kumi na kimoja vilikuwa vimerudi, kila kimoja mahali pake hasa. Maonyesho yakaenda vizuri. Maofisa walishangaa, wakapiga makofi, mmoja akapata jina la babu yake kwenye orodha ya koo na akataka kupigwa picha akiwa amesimama kando ya kioo. Mkuu alinishika mkono. Nikajiambia basi, yameisha, nimeshinda, na yeye atakuwa amejifunza.

Jioni hiyo hiyo mfuko wa turubai ukafika kutoka Mbale. Niliuona mzito kuliko kawaida. Ndani yake mlikuwa na kila kitabu cha Jinja alichokuwa nacho, vyote ishirini na vitatu, hata vile alivyovichukua wiki iliyopita tu na ambavyo muda wake ulikuwa bado. Orodha ilikuwa imenyooka kama kawaida yake, na sahihi ipo. Hapakuwa na barua, wala zile njugu zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti alizokuwa ananiwekea kila mara pembeni ya vitabu.

Nilikaa kwenye kiti changu nikiutazama ule mrundo wa vitabu, na ndipo nilipoogopa. Mkutubi anayerudisha vitabu kabla ya siku yake anafunga hesabu na wewe. Alikuwa amebakiza miezi minane tu astaafu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amepoteza hata karatasi moja, na mimi, niliyekula ugali wake, nilikuwa nimemwita mharibifu mbele ya watu wote wa kazi yetu.

Nyumbani Mpumudde nilimsimulia mke wangu, nikijaribu kidogo kujitetea, kwamba kwa kweli ni yeye aliyeviondoa. Mke wangu ni mwalimu, na ana namna ya kuuliza inayokufanya ujione uko darasa la tatu. Aliniuliza kama nilimwuliza. Nikasema sikumwuliza. Akaendelea kusahihisha madaftari yake.

Jumatatu nikaomba ruhusa, nikaenda Mbale.

Nilimkuta kwenye meza yake, miwani puani, akibandika mgongo wa kamusi kwa gundi. Alinikaribisha kama anavyomkaribisha msomaji asiyemjua: kiti kile, maji yale pale. Hakuniita mwanangu. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, nimeyapanga vizuri, yakanitoka yote kichwani. Nikamwambia tu kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa ule ujumbe, ila nataka pia kuelewa, vile vijitabu alivipeleka wapi.

Akavuta droo, akatoa daftari lake la kuazimisha, lile lile kubwa lenye jalada la kitambaa, akalifungua mbele yangu. Chini ya vitabu vya kawaida alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kambini, herufi zimesimama kama askari: kijitabu cha kahawa, kutoka Kabati la Jinja, kimetolewa tarehe fulani, msomaji ni mwalimu wa kilimo, kitarudi baada ya siku kumi na nne. Kijitabu cha nyimbo, msomaji ni mama wa kwaya wa Nabuyonga. Vyote kumi na kimoja vilikuwa pale, kila kimoja na msomaji wake.

Nikaanza kuelewa. Walimu na wanakwaya walikuja kwake wakitaka kusoma vijitabu hivyo. Akavitoa Kabatini, akaviweka kwenye rafu yake mwenyewe ya mtandaoni, akawa anawafungulia wanapofika, na siku kumi na nne zikiisha angevirudisha. Kwa akili yake, kitu kilichoazimwa na mmoja hakiwezi kubaki pia kwa mwingine. Huo ungekuwa ujanja.

“Mi sikufuta kitu,” akasema. “Niliazima. Siku kumi na nne ilikuwa haijaisha.”

“Lakini Mama, ungeniambia.”

Hapo akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani kwamba ni kwa sababu ya gundi.

“Mi nilikufundisha nini siku ya kwanza?”

“Kibao.”

“Basi. Niliweka kibao. Kila moja, mahali pake. We uliona pengo wapi?”

Nikatoa simu, nikafungua Kabati, nikaenda kule kwenye pipa la taka ambako vitu vilivyofutwa hukaa siku kadhaa kabla ya kutoweka kabisa. Vilikuwa humo. Vile vijifaili vidogo visivyo na jina la maana, nilivyovifagia Jumatatu ile kabla ya kunyoosha mgongo, vilikuwa kumi na kimoja. Nikafungua cha kwanza. Kiliandikwa: Kijitabu cha kahawa. Kiko Mbale, kwangu. Kitarudi, na tarehe. Chini yake: Usihangaike.

Nikafungua cha pili, cha tatu. Vyote viliishia kwa neno hilo hilo. Mwanamke ambaye mwezi mmoja kabla hakujua kufungua faili alikuwa ameketi akaandika vibao kumi na kimoja, kimoja kimoja, kwa kidole gumba kwenye simu yake ndogo, ili nikifika nisihangaike. Mimi nikavifuta bila kuvisoma, kisha nikahangaika, kisha nikamtukana. Nilimwonyesha simu. Nikalia, mtu mzima, katikati ya maktaba ya watu, na wanafunzi wawili waliokuwa wanasoma jiografia wakajifanya wanaangalia ramani.

Alinisubiri nimalize. Kisha akaionyesha simu kwa kidole.

“Rudisha hivyo vibao Kabatini,” akasema. “Vyote.”

Nikamwambia vijitabu vimesharudi, vibao havina kazi tena. Akasema anajua, ila kibao hakitolewi na mtu mwingine, kinatolewa na yule aliyekiweka, mkono ule ule uliorudisha kitabu. Nikavirudisha. Akachukua simu, akakaa pale akivitoa kimoja kimoja, kwanza anakisoma kwa sauti ya chini, kisha anafungua kijitabu chenyewe kuhakikisha kipo, kisha anaweka alama kwenye daftari lake. Ilichukua karibu saa nzima kwa sababu mtandao wa Mbale siku hiyo ulikuwa unasuasua. Sikuguna hata mara moja.

Alipofika kwenye cha mwisho aliniangalia juu ya miwani, akaniuliza kama nimekula. Nilipotikisa kichwa akasema, “Mwanangu, we huwa unakuja na njaa tu,” akafunga maktaba kwa mchana, tukaenda kwake Nabuyonga kula malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyopikwa na karanga. Sijui kama niliwahi kula chakula kwa raha kiasi kile.

Kabla sijaondoka niliandika kwenye kundi, yeye akiwa kando yangu. Niliandika kwamba hakuna kilichofutwa na Mbale, kwamba aliyefuta ni mimi, na nikaeleza kibao ni nini kwa wale wasiokijua. Mara hii niliusoma ujumbe wangu mara tatu kabla ya kuutuma. Mkuu akamrudisha kundini jioni ile, na yeye akaingia kwa neno moja tu, Nimefika, kama mtu anayeripoti kazini.

Tulibishana, naam. Nilimweleza tena kwamba watu kumi wanaweza kusoma kitu kimoja, na safari hii alijaribu mwenyewe, kijitabu kimoja kwenye simu yangu na yake kwa pamoja, akacheka mpaka akashika ubavu. Alikubali kwamba vya kusomwa tu vibaki. Lakini mtu akichukua kitu kukirekebisha, akasema, aache kibao, na katika hilo hakunipa hata inchi moja. Siku hizi wakutubi wote wa Kabati wanaweka vibao. Hatujawahi tena kurekebisha orodha moja watu wawili kwa wakati mmoja, jambo lililokuwa linatutokea kila juma, na mkuu ameshawasifia wageni mpango huo kama uvumbuzi mpya. Ijumaa iliyofuata mfuko wa turubai ulinijia na kitabu kimoja na njugu.

Alistaafu mwishoni mwa mwaka. Sikuweza kwenda kwenye sherehe yake, Jinja tulikuwa na ukaguzi, na siku nzima nilikuwa na huzuni ambayo wasomaji wangu waliiona. Mzee Singasinga hata hakuniuliza habari ya kuguna. Jumatatu asubuhi nilifungua Kabati ili niondoe jina lake kwenye orodha ya wafanyakazi, ambamo kila mtu ana faili lake, kama nilivyoagizwa na mkuu. Jina halikuwepo, alikuwa amekwisha kulitoa mwenyewe. Mahali pake palikuwa na kijifaili kidogo kisicho na jina la maana. Nikakifungua.

Mkutubi wa Mbale. Yuko nyumbani, Nabuyonga. Tarehe ya kurudi: hakuna, we ndio utakuja. Usihangaike.

Mkuu ameniuliza mara mbili kwa nini orodha ya wafanyakazi bado ina kitu kisichoeleweka katikati yake. Nimemwambia kwamba si mimi niliyekiweka, kwa hiyo siwezi kukitoa.